Namna ya Kuanzisha Vita: Mwongozo kwa Mtawala Aliyebanwa

Kwanza, gombana na watu wako. Bila hatua hii vita havina mzizi. Idi Amin alitwaa Uganda kwa bunduki mwaka 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waasia, biashara zikadorora. Kufikia Oktoba 1978 baadhi ya vikosi vyake vilikuwa vimeasi.

Pili, tafuta adui ng'ambo ya mpaka. Wataalamu wa siasa za dunia wana nadharia ya vita vya kugeuza macho: nyumba inawaka, mwenyewe anamnyooshea kidole jirani. Sababu haikosekani. Tanzania ilimhifadhi Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na mwaka 1972 wafuasi wake wenye silaha walivuka mpaka kutoka huko, wakashindwa. Hofu ya Amin ilikuwa na chanzo, lakini vita alivichagua yeye.

Tatu, chora ramani upya. Novemba 1, 1978 Uganda ilitangaza kwamba mpaka wake mpya ni Mto Kagera, ndani ya Tanzania. Viongozi wa Afrika walikwisha kukubaliana mjini Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Askari wa Amin waliovuka mpaka waliua raia, wakapora ng'ombe, na daraja la Kyaka likalipuliwa.

Nne, geuza damu kuwa mchezo. Amin alitaka wamalizane na Rais Nyerere wa Tanzania kwa ndondi, Muhammad Ali awe refa. Wananchi wa Kagera walikuwa wamekwisha kuyahama makazi yao.

Tano, usijiulize vitaishaje. Mwananadharia wa vita Clausewitz, katika kitabu kilichotoka mwaka 1832, alifundisha kwamba vita ni chombo cha siasa. Asiye na siasa inayotekelezeka hubaki na mauaji tu. Tanzania ilijibu mashambulizi, na Aprili 11, 1979 Kampala, mji mkuu wa Uganda, ilitekwa. Amin alikimbilia Libya, hatimaye Saudi Arabia, alikofia mwaka 2003.

Deni walilipa wengine. Watanzania, walioshinda, waliambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18, na dhiki ikapita muda huo. Waganda waliingia katika miaka mingine ya umwagaji damu.

Kwa hiyo, mwananchi, mwongozo huu usome wewe kabla ya mtawala. Anayewatesa raia wake leo anajenga jeshi na mazoea atakayoyapeleka kwa jirani kesho. Mpinge akiwa katika hatua ya kwanza. Ikifika ya tatu, wanaouawa ni watu ambao hawakuulizwa lolote.