Kunyonya Mpira

Jana jioni nilikutwa nimelala kifudifudi katikati ya sukuma wiki, nanyonya mpira wa maji. Aliyenikuta ni mzee jirani akirudisha mbuzi nyumbani, na nyuma yake msururu wa watoto. Mzee hakusema neno. Mtoto mmoja ndiye aliyeuliza, kwa heshima zote: "Adeer (ami), na wewe hujaachishwa ziwa?" Wenzake wakaanguka chini kwa kicheko. Mbuzi nao wakasimama kutazama, na mbuzi wa huku kwetu Elwak hasimami karibu na mboga bure.

Kunyonya kwenyewe kuna sababu. Umwagiliaji wa matone ni ufundi wa ajabu jamani. Unapandisha pipa juu ya jukwaa la mita moja hivi, maji yanashuka yenyewe bila pampu, yanaingia kwenye mipira iliyolazwa kando ya miche. Ndani ya mpira, kwenye kila tundu, kuna kijia chembamba chenye kona nyingi. Maji yanapigwa chenga humo mpaka yanachoka, yanatoka tone kwa tone pale pale kwenye shina. Hayapotei njiani kunywesha magugu. Wakati wa jilaal, kiangazi kile cha Januari hadi Machi, ngamia wakipanga foleni visimani, mkulima aombe nini zaidi?

Ila Elwak imekaa juu ya jasi, lile jiwe jeupe la kutengenezea plasta. Maji ya chini yanaliyeyusha polepole: lita moja yaweza kubeba gramu mbili na zaidi, kwa hiyo pipa la lita 200 likishiba lina karibu nusu kilo ya jiwe, nawe unaona maji tu. Tone linafika kwenye tundu, jua linalinywa, jiwe linabaki. Kesho linaongezwa jingine, mpaka tundu linaziba. Mtaalamu akanishauri kwa simu niloweke mipira kwenye siki. Siki huondoa ukoko wa chokaa, kama ule wa birika. Jasi haiitishi hata kidogo. Shamba zima likanuka kachumbari, na nyanya za hiyo kachumbari hazikuzaa. Ndipo nikaweka mdomo.

  

Kicheko cha watoto nimekimeza. Kisichomezeka ni hiki: walioleta mipira walipima kila kitu. Walipima shamba, wakaandika umri wetu, wakauliza hata saizi za fulana. Maji hawakuyapima. Kipimo cha chumvi, jasi ikiwemo, kinaingia mfukoni, unakichovya kwenye kikombe, kinakupa jibu papo hapo. Wao walipiga picha mipira ikidondosha siku ya kwanza, na siku ya kwanza kila mpira hudondosha. Picha ikaingia kwenye ripoti. Mama anayenunua maji ya mkokoteni wa punda, akayamwaga kwenye mboga ambazo kingo za majani zinaungua kwa chumvi, hayumo kwenye picha, na hakuna aliyerudi kumuuliza.

Mkija tena, njooni na kipimo. Fulana tunazo.