Trekta na Mwenyewe

Mwaka 2022, Warusi walipouteka mji wa Melitopol, Ukraine, matrekta na kombaini za kampuni ya Marekani ya John Deere ziliporwa kwa wakala wake na kusafirishwa hadi Chechnya. Zilipofika, hazikuwaka: zilikuwa zimefungwa kwa mbali. Dunia ikashangilia, mwizi kaumbuka.

Mkulima wa Marekani, aliyenunua trekta yake kwa pesa yake na risiti anayo, hakucheka sana. Yake ikigoma katikati ya mavuno, mara nyingi spana ilikuwa haifui dafu. Kompyuta ya ndani ilimtaka fundi aliyeidhinishwa na kampuni, na programu ya kampuni. Mahindi yasubiri. Mvua nayo isubiri (ingawa hiyo haijawahi kukubali). Mwaka 2023 ilibidi jimbo la Colorado litunge sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wampe mkulima vipuri, programu na vitabu vya maelekezo; Januari 2025 serikali kuu ya Marekani ikaiburuta John Deere mahakamani.

Nawe unayeambiwa jembe la mkono ni aibu, heri utoke huko. Lakini kabla hujasaini mkopo wa trekta janja, muulize muuzaji: mzee, nywila inabaki kwa nani?