Mtaalamu wa Treni wa Daraja Mbili

Hapa Daraja Mbili, Kisii, ukitaka habari za treni unaletwa kwangu. Usicheke. Wenzangu wote wa kibanda cha chai wamepanda nduthi, matatu na basi la usiku. Treni nimepanda mimi tu. Mara moja, Mombasa na kurudi. Basi nikafanywa profesa. Na profesa hawezi kusema hajui, lazima aseme kitu.

Taabu yangu ni shemeji wa Nyamira. Hawa watu tangu Moi awakatie wilaya yao hatupumui. Sasa ametumiwa ramani kwa simu. SGR, ile reli mpya, ikitoka Naivasha inapita Narok, inapita Bomet, inapita kwao Nyamira, inaenda Kisumu. Kisii je? Haimo. Nimeipanua ile ramani kwa vidole mpaka simu ikapata joto. Haimo! Na hatujaanza kurukwa leo. Mwingereza alifikisha reli yake Kisumu mwaka wa 1901, sisi hapa tukabaki kusikia honi kwa masimulizi.

Shemeji ananipigia kila jioni. "Omoko, kwetu kutakuwa na steshoni." Namwambia hiyo reli ilifika Suswa 2019 ikakaa chini kupumzika. Anasema nina wivu. Ninao.

Sasa nikuambie ukweli wa ile safari yangu, lakini usiupeleke kwa kibanda.

Binamu yangu wa Nairobi ndiye alinikatia tiketi. Akanitumia meseji: "SGR kesho, 1500." Mimi bei naijua. Ilianza na 700 hiyo 2017, watu wakaonja, ikawa 1,000, halafu Januari 2024 ikawa 1,500, na hapo ni viti vya sisi watu wa kawaida. Nikasema binamu ni muungwana, ananikumbusha deni kwa upole. Nikamrushia pesa yake saa hiyo hiyo. Saa ya treni sikuuliza. Si iko ile ya saa mbili asubuhi? Mtu anauliza kitu anachokijua?

Basi likanitema Nairobi alfajiri, miguu imevimba kama mihogo. Begini nina kiboko wa mawe ya Tabaka, zawadi ya mwenyeji wangu, na mboga ya mama, chinsaga, imefungwa kwa majani ya mgomba. Huyo kiboko ni mdogo kwa macho tu. Bega ndilo linajua ukubwa wake.

Nikaenda steshoni ya mjini nikapanda kale katreni ka abiria ka kukupeleka SGR. Makadara. Imara Daima. Syokimau. Sasa, dunia nzima inasema SGR iko Syokimau. Nikashuka Syokimau. Kwa madaha, begi begani. Wale wenye masanduku makubwa nikaona wamekaa tu, hawana habari. Nikawaonea huruma. Washamba, nikasema, watapitishwa.

Katreni kakaondoka nao. Kumbe steshoni ya SGR ni hapo mbele, na ndiko walikuwa wanapelekwa, mpaka mlangoni. Mimi nikaenda kutafuta nduthi. Mwenye nduthi aliniangalia mara moja, akanisoma, akataja bei ya mtu aliyepotea.

Nikafika nahema, saa mbili kasorobo. Askari akasoma ile meseji.

"Mzee, wewe ni wa saa tisa."

"Wapi imeandikwa saa tisa?"

"Hapa. 1500."

"Hiyo ni nauli."

"Ni saa."

"Nauli ni ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "1,500."

"Si ndiyo nasema!"

Foleni ilikuwa inacheka nyuma yangu. Mtoto mmoja akamwelezea mamake, kwa sauti, kosa la huyu babu. Babu! Nina miaka arobaini na nne.

Nikakaa nje masaa sita. Hapo ndipo nilipata utaalamu wangu wote wa steshoni, maana niliichungulia kila upande. Wakati ulipofika, mabegi tukaambiwa tuyapange chini kwa mstari, wenyewe tusimame kando. Akaja mbwa. Mbwa mpole, ana adabu kunishinda. Ananusa hili, anapita, ananusa lile, anapita. Akafika kwa langu. Akanusa chinsaga ya mama. Akarudi nyuma hatua moja. Akapiga chafya.

Watu wakanigeukia. Wangapi duniani wamepigiwa chafya na mbwa wa serikali?

Kwa mashine nako begi likasimamishwa. "Mzee, umebeba nini humu?" Nikajibu, "Kiboko." Akaniangalia. Nikaona nimeeleweka vibaya, nikarekebisha haraka: "Mawe." Hapo ndipo nilifunguliwa begi lote mpaka soksi.

Treni yenyewe sina neno. Inaenda kama 120 kwa saa na chai haimwagiki. Lakini kurudi, imefika Nairobi, ati tushuke tena tuingie katreni ka mjini. Nikamuuliza kijana mmoja wa koti la kung'aa, kwa nini hili kubwa lisitufikishe mjini? Akanieleza kama darasa la nne. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435. Ile ya zamani, ya katreni, ni mita moja kamili. Magurudumu hayaingiani. Nikapima hewani kwa mkono wangu: karibu shibiri mbili! Shibiri mbili ndizo zinatushusha na mabegi umati mzima. Na shemeji anaota ataingia treni Nyamira ashukie katikati ya jiji.

Sikumwambia. Juzi amenipigia, safari hii kwa heshima. Wazee wa kwao wanataka mtu aliyewahi kupanda awaelezee steshoni inavyokwenda. Kuku atachinjwa. Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu, anitumie maelezo kwa meseji. Ikaja: "Omoko, Jumapili, 1500."

Nikaona shemeji leo amekuwa mtu. Nikamjibu, "Sawa, itume kwa namba hii hii."

Mpaka sasa sijaona kitu.