Zilizopakiwa na Zilizopokewa

Kwa muda wa miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa mizigo katika reli, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza katika stesheni ya Mpanda, mwisho wa tawi lile linalochepuka Kaliua na kupenya misitu ya miyombo, tawi lililojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya madini ya risasi, na ambalo, enzi ya risasi ilipopita, lilibaki na sisi na karanga zetu. Katika kazi hiyo nilijifunza jambo moja nililodhani litanikinga na kila ghiliba ya dunia: kwamba hati ya mizigo ina safu mbili, ya vilivyopakiwa na ya vilivyopokewa, na kwamba karani anayesoma safu ya kwanza akaisahau ya pili hulipa tofauti kutoka mfukoni mwake. Nakumbuka tenga moja la kuku lililopakiwa Tabora likiwa na kuku arobaini, likanifikia na thelathini na watatu, wawili kati yao wakiwa wamelala kwa namna isiyohitaji daktari wa mifugo kuifasiri. Laiti ningalilikumbuka tenga lile siku niliyoingia katika duka la dawa!

Chanzo cha safari hiyo kilikuwa jino. Tabibu alinipa dawa za antibayotiki, nazo zikawamaliza maadui waliokuwa jinoni. Lakini kwa kuwa dawa hizo hazina macho, ziliwapitia pia kwa upanga ule ule raia wema waliokuwa wakiishi tumboni mwangu kwa salama tangu utoto wangu. Matokeo yake tumbo likaanza kunguruma kama viboko wa mto Katuma katika mwezi wa Oktoba, wakati maji yanapokauka ndani ya Hifadhi ya Katavi na viboko kwa mamia wakalazimika kugombea dimbwi moja la matope, kila mmoja akimlalamikia jirani yake usiku kucha. Mke wangu, ambaye ni mtu wa subira, alihamishia mto wake wa kulalia upande wa miguu.

"Mzee, jaribu probayotiki," akaniambia tabibu nilipomrudia, naye akanieleza kuwa ni bakteria wema, walio hai, wamezwao kwa kiasi cha kutosha ili wamfae mwenye tumbo. Maneno mawili katika maelezo hayo, yaani "hai" na "kutosha", yalipita masikioni mwangu kama treni isiyosimama.

Kijana wa dukani alinisalimu kwa adabu, akaniwekea chupa mbili juu ya meza. Ya kwanza, ya shilingi elfu thelathini, iliandikwa kwa herufi nene kuwa kila kidonge kina bilioni 5. Ya pili, ya elfu sitini, ilikuwa na maandishi madogo mno, na mimi, ambaye miwani yangu niliisahau nyumbani juu ya redio, niliyaleta karibu na pua nikasoma: 1010. Mbele ya tarakimu za chupa zote mbili zilisimama herufi tatu, C, F na U, ambazo kwa mazoea ya umri wangu nilizichukulia kuwa kifupisho cha chama kikuu cha ushirika.

"Mwanangu," nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukamata wezi wa magunia, "huku napata bilioni tano kwa elfu thelathini, huku napata elfu moja na kumi tu, kwa elfu sitini. Unaniona mimi ni mgeni wa hesabu?" Kijana alifungua kinywa, akakifunga, akasema, "Kama unavyopenda, mzee." Jibu hilo, ambalo leo nalifahamu kuwa la huruma, siku ile nililipokea kama hati ya kushindwa kwake, nikatoka dukani na chupa ya bilioni tano nikitembea kama mtu aliyenunua ng'ombe kwa bei ya mbuzi.

Nyumbani niliiweka chupa dirishani, chini ya bati, mahali panapopata jua la asubuhi na la alasiri, ili nisiisahau. Tena, kwa kuwa koo langu halipatani na vidonge, nilibuni utaratibu wa kukifungua kila kimoja na kuumimina unga wake katika uji wa ulezi, uji wenyewe ukiwa bado unatokota, kwani uji wa vuguvugu sijapata kuuona kuwa chakula cha mtu mzima. Nilifanya hivyo kwa siku tisa, kwa bidii na bila kukosa. Viboko wa Katuma hawakuhama.

Siku ya kumi alifika mjukuu wangu, msichana wa kidato cha pili, kwa likizo. Alinitazama nikikoroga, akaichukua chupa, akaisoma pande zote kama mtu asomaye barua ya posa, kisha akauliza, "Babu, hawa si walio hai?" Nikamjibu kuwa ndivyo nilivyoambiwa. "Basi umewapika." Nikatua kijiko. Bilioni tano mara tisa ni bilioni arobaini na tano, zaidi ya mara tano ya wanadamu wote waliomo duniani, nami niliwaangamiza kwa uji, na sukari juu yake.

Nikijaribu kuokoa heshima, nilimsimulia habari ya ile chupa nyingine na ulaghai wa elfu moja na kumi. Mtoto huyo akachukua kalamu, akaandika kumi, na juu ya bega lake la kulia akaandika kumi nyingine, ndogo, iliyopanda kama mtoto mgongoni mwa mama. "Hii ndogo ni kipeo, babu. Ni moja na sufuri kumi. Ni bilioni kumi." Kumbe chupa niliyoikataa ilikuwa na mara mbili ya ile niliyoinunua, na kijana wa dukani alikuwa ameninyamazia kwa sababu ya mvi zangu.

Kuanzia hapo nilivaa miwani, nikaisoma chupa yangu kama inavyompasa karani. C, F na U hazikuwa ushirika wowote, bali ni kipimo cha kuhesabu wenye uwezo wa kuzaa koloni: wataalamu huchukua unga kidogo, wakauzimua mara nyingi, wakaunyunyiza juu ya chakula cha vijidudu katika kisahani, wakangoja, kila aliye hai huzaa hata pakatokea doa linaloonekana kwa macho, na madoa ndiyo yanayohesabiwa. Maiti hawatoi doa. Ndiyo maana chupa inayojisifu kwa miligramu pekee haikuelezi kitu, kwani mizani haibagui mzima na mfu, na lile tenga langu la kuku lingalipimwa kwa uzito, wale wawili waliolala wangalihesabiwa pamoja na wenzao.

Lakini lililonichoma zaidi lilikuwa mstari mmoja wa chini, mwembamba kama unywele, uliosema kwamba bilioni tano hizo ni hesabu ya wakati wa kutengenezwa. Ya kupakiwa! Mimi, miaka thelathini na moja! Ile chupa ya elfu sitini, nilipokwenda kuichungulia tena kwa kisingizio cha kununua dawa ya mswaki, iliahidi hesabu yake hadi siku ya mwisho wa matumizi, kwa sharti la kuhifadhiwa chini ya nyuzi 25. Na hilo katika mji ambao Oktoba yake huyeyusha mshumaa mezani, na ambao kwa miaka mingi umeme wake ulitegemea majenereta ya dizeli, hata jokofu likawa aghalabu ni kabati lenye mlango mzito. Chupa hiyo iliwataja pia wakazi wake kwa majina matatu, kama watu wenye asili: jina la jenasi, jina la spishi, na mwisho herufi au namba za nasaba, kama yule Lactobacillus rhamnosus GG, ambaye G zake mbili ni za mabwana Gorbach na Goldin waliomtenga. Yangu ilitaja jenasi tu, sawa na mtu kukwambia kuwa amekuletea Juma. Juma yupi?

Fedheha haikuishia hapo. Nilikuwa nimesoma kwamba Metchnikoff, mwanachuoni wa Paris aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliyasifu sana maziwa machachu ya Wabulgaria, na kwamba huko Mwanza, tangu mwaka 2004, akina mama wa Mabatini walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria wa nasaba maalumu, wakisaidiwa na shirika la Kivulini, na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Kwa hiyo alipopita mama wa Kisukuma atuuziaye maziwa mgando, nilimwuliza, kwa nia safi kabisa, maziwa yake yana bakteria hai wangapi.

Aliteremsha ndoo. "Mzee, maziwa yangu hayana wadudu!" Akafunua mfuniko, akawaita majirani waje wanuse, akaapa kuwa huyachemsha kwanza ndipo ayatie kijiko cha mgando wa jana, akauliza ni nani aliyemchongea. Mke wangu alitoka jikoni, akaomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima, akanunua lita tatu ambazo hatukuzihitaji. Tulizinywa siku nne.

Viboko wamenyamaza. Je, ni mgando, ambao hauna hesabu ya karani yeyote, au ni bilioni kumi nilizonunua mwishowe kwa elfu sitini, au ni siku tu zilizopita? Kijana wa dukani alinifungia chupa katika karatasi bila kunikumbusha neno, Mungu amweke. Mjukuu wangu ameitia ndani ya mtungi wa maji, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani, nami nimebandika juu yake kipande cha karatasi, kwa mwandiko ule ule wa stesheni. Zimepakiwa: bilioni 10. Zimepokewa: hapo nimeacha nafasi.