Barua ya Wazi kwa Kamati ya Majina, Sanamu na Maadhimisho

Mwenyekiti,
Kamati ya Majina, Sanamu na Maadhimisho,
Chuo Kikuu ambacho bado hakijajengwa,
Mwambao wa Ziwa Nyasa.

YAH: USHAURI WA BURE KUHUSU KUMBUKUMBU KABLA YA MADARASA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua chuo chenyewe bado. Kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay hakuna hata ukumbi mmoja wa mihadhara, na mtoto wa huku anayetaka shahada hufunga begi, akapanda basi Mbinga, akatuaga kama anayekwenda ng'ambo. Hilo lisikukatishe tamaa. Katika nchi yetu jiwe la msingi lina siku yake na jengo lina siku yake, na hazijawahi kulazimishwa kuonana. Jiwe halidai mhadhiri wala maktaba. Linadai pazia, kamba, na kijana mwenye mkasi mfukoni, maana kamba ile mgeni rasmi akiivuta huwa haivutiki.

Niruhusu nianze na maandishi, kwani hapo ndipo penye utaalamu. Marumaru iwe nyeusi, herufi ziwe za rangi ya dhahabu. Mstari wa kwanza useme jiwe limewekwa na nani. Wa pili ubebe jina la huyo nani, pamoja na Mheshimiwa, Daktari na Mhandisi, kama amejaaliwa vyote vitatu. Wa tatu cheo chake, wa nne tarehe, wa tano jina la mkandarasi. Ikibaki nafasi chini kabisa, karibu na saruji, ndipo aandikwe yule aliyekufa tukakusanyika kumkumbuka. Yeye hatalalamika. Mgeni rasmi akikosewa herufi moja, kamati nzima itaandika maelezo.

Kuhusu majina, sina wasiwasi nanyi, maana wenzenu wameshatengeneza njia. Pale Chuo Kikuu, Mlimani, Dar es Salaam, Nkrumah alipata ukumbi, na ukumbi ukapata heshima ya kukaa kwenye noti ya shilingi 500 hadi sarafu ilipokuja kuisukuma. Mabweni ya zamani ya wanafunzi yakapewa namba. Ni utaratibu mzuri: viongozi walale kwenye majina, wanafunzi walale kwenye namba. Tatizo ni kwamba wanafunzi hawatulii. Vile viti na meza za zege wanakosomea nje waliviita vimbweta, na wenyewe husimulia kwamba jina walilitoa kwa Profesa Tolly Mbwette. Hapakuwa na kikao, pazia wala posho, na leo ni vigumu kumpata msomi wa nchi hii asiyejua kimbweta ni nini. Naomba kamati izuie mambo ya namna hii mapema, la sivyo watu watagundua kwamba kumbukumbu inaweza kujiendesha bila kamati.

Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichopewa jina la waziri mkuu mwaka uleule wa 1984 aliofia ajalini mkoani humo. Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898, Wajerumani wakaondoka na kichwa, fuvu likaandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na likarudi Kalenga mwaka 1954. Nimejaribu kusoma hapo utaratibu wa serikali, nami naona uko wazi: fuvu kwanza, chuo baadaye. Kwa hesabu hiyo Nduna Songea Mbano wa Wangoni asubiri. Wangoni wenzake walinyongwa mjini Songea tarehe 27 Februari 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, na makumbusho pale mjini yanawakumbuka mashujaa 67. Wajukuu wa nduna huyo bado wanauliza kichwa chake kiko wapi. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha na kuahidi msaada wa kukitafuta. Kwa hiyo kamati iache nafasi wazi kwenye lango. Isiwe tupu sana, wekeni tangazo la ada.

Sasa sanamu. Hapa, Mwenyekiti, nitakuchosha kidogo, kwa sababu mwambao wetu una undugu na chuo kikuu cha mbali ambacho wenzangu wengi hawakijui.

Meli ya Wajerumani katika ziwa hili iliitwa Hermann von Wissmann, jina la yule aliyelizima jeshi la Abushiri pwani na kumnyonga Pangani mwaka 1889, kisha akaja kuwa gavana. Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli kwa matengenezo. Nahodha Rhoades wa Waingereza akaja na meli ya Gwendolen kutoka upande wa Nyasaland, akaipiga mzinga. Nahodha Berndt, aliyekuwa mwenzake wa glasi, akatoka na mtumbwi amefura kumuuliza kama amelewa, kwani habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Kisa hiki Wazungu wanakipenda sana. Nani alisukuma ile meli ufukweni, nani alibeba vyuma vyake begani, hicho si kisa. Kwenye vita hivyo wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki, na manahodha wawili ndio waliobaki na majina.

Wissmann mwenyewe alikuwa na sanamu Dar es Salaam tangu 1909: yeye amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika amemwinulia macho, pembeni simba amelala. Waingereza wakaing'oa. Mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, ili vijana wa Kijerumani wapate wa kumwiga. Wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967. Chuo, kama chuo chochote chenye kamati makini, kikaisimamisha tena. Mwaka 1968 wakaiangusha mara ya pili, na safari hiyo ikaenda stoo.

Fundisho kwa kamati ni dogo lakini la gharama: sanamu ijengwe fupi. Ikianguka, isivunje miguu ya watu.

Ila kuna jambo moja siliachii. Katika kelele zote za Hamburg, yule askari wa chini hakuwahi kuulizwa jina. Hata Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, ambayo angalau ilimtoa miguuni pa bwana na kumweka juu peke yake, haimtaji. Mimi nadhani askari huyo namfahamu. Jioni za Jumapili kwenye mwambao huu utawaona wanaume wamevaa nyeupe tupu, soksi hadi magotini, wamepanga mstari, goti linapanda na kushuka kwa pamoja, kiongozi ana filimbi, vibuyu vinalia kama tarumbeta. Ni mganda. Babu zao waliona gwaride la askari, wengine walilipiga wenyewe, wakalirudisha nyumbani wakaligeuza ngoma, na wamelitunza karne nzima pasipo ruzuku. Kumbukumbu ya vita vile iliyo hai kuliko zote ni hiyo.

Na najua kamati itaifanyia nini. MC ataitangaza kama burudani, kati ya risala na utambulisho wa meza kuu. Itapewa dakika tano. Kabla goti la pili halijapanda atasikika akisema muda si rafiki yetu. Wachezaji watapelekwa nyuma ya turubai na soda za moto, huku meza kuu inapakuliwa mbasa.

Mwisho ni tarehe. Kwa kubana matumizi, najua mtataka kuunganisha Majimaji, wapagazi, waliozama ziwani na waasisi wa chuo kuwa siku moja, iwe Ijumaa, ili msafara wa mgeni upate kulala Songea. Sina pingamizi. Ombi langu ni moja: mkiwaita wacheza mganda wa Liuli, nauli yao ilipwe asubuhi kabla mgeni rasmi hajawasili. Baada ya hotuba mhasibu huwa haonekani.

Wako mtiifu,
Mkulima wa kahawa, Mbinga

Nakala:
Fundi marumaru: kwa utekelezaji.
Chuo Kikuu cha Hamburg: kwa taarifa, na kwa jina la yule askari, kama mnalo.