Utetezi wa Kitanda Kitupu

Leicester, Uingereza

Ndugu wapendwa,

Madhumuni ya barua hii ni kujibu mashtaka yanayofunguliwa kila jamaa wa nyumbani anapoonyeshwa kwa simu ya video kitanda cha mtoto aliyezaliwa huku: kwamba kichanga kimelazwa chali juu ya godoro gumu, hakina mto, hakina blanketi zito, hakina kofia, hakina hata mwanasesere wa kukiliwaza, kama papai lililokosa mnunuzi. Tunaambiwa ughaibuni umetufanya wabahili. Utetezi wangu ni kwamba kitanda cha mtoto mchanga ndicho mahali pekee nyumbani ambapo mapenzi hupimwa kwa vitu ulivyoviondoa. Naomba nisikilizwe hadi mwisho, kisha kikao cha familia kitoe hukumu, na faini ikiwapo nitatuma kwa simu.

Nianze na ushahidi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, England na Wales zilikuwa zikipoteza zaidi ya watoto 1,000 kila mwaka kwa vifo vya ghafla visivyo na maelezo. Mtoto analazwa mzima, asubuhi hayupo. Mjini Bristol, daktari wa watoto Peter Fleming na wenzake wakakaa wakalinganisha: watoto waliokufa walikuwa wamelazwaje, na walio hai wanalazwaje? New Zealand nako utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1987 ulikuwa unauliza maswali hayohayo. Kote kuwili jibu likawa moja: waliolazwa kifudifudi walikuwa hatarini zaidi. Mwaka 1991 mtangazaji maarufu wa televisheni Anne Diamond alifiwa na mwanawe mchanga, akafuatilia matokeo ya New Zealand, akaibana serikali mpaka Desemba ya mwaka huohuo kampeni ya kuwalaza watoto chali ikazinduliwa. Vifo vikashuka hadi karibu nusu kwa muda mfupi, na tangu hapo vimepungua kwa takriban asilimia 80. Haikuletwa chanjo wala dawa. Watoto waligeuzwa tu, na kugeuza mtoto hakuna bei.

Najua wapo watakaosema: wazungu haohao ndio waliokuwa wakilaza watoto kifudifudi, leo wamegeuka, kesho watageuka tena, sisi tumfuate nani? Swali ni halali na historia inaliunga mkono. Kitabu cha malezi cha Dakta Benjamin Spock wa Marekani, kilichotoka mwaka 1946 na kuuzwa kwa mamilioni, katika miaka ya 1950 kilibadilika kikaanza kupendekeza kifudifudi, kwa hoja kwamba mtoto akicheua hatapaliwa. Ilisikika kuwa ya busara, na hakuna aliyeihesabu. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walirudi kwenye makaratasi ya zamani wakaonyesha kwamba ushahidi wa hatari hiyo ulikuwepo tangu mwaka 1970, na kwamba kama ungekusanywa mapema, maelfu kwa maelfu ya watoto wangeokolewa. Kwa hiyo sisemi tuwaamini kwa sababu wana makoti meupe. Spock naye alikuwa nalo. Nasema tuamini makaburi yaliyopungua. Ushauri wa kwanza ulitoka kichwani mwa mtu mwenye sifa, wa pili ulitoka kwenye hesabu ya waliokufa na walio hai, na hizo ni mizani mbili tofauti kabisa.

Na kupaliwa, je? Hofu hii ndiyo inayowafanya mashangazi wamgeuze mtoto mama anapokwenda kuoga. Lakini tazameni koo lenyewe. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na njia ya chakula inakuwa chini yake. Maziwa yakirudi, ili yaingie kwenye hewa lazima yapande mlima. Mgeuze kifudifudi, njia ya hewa inakuwa chini, na maziwa yanateremka bila kuombwa. Ubavu nao haufai, kwa sababu ubavu wa mtoto mchanga ni kituo tu cha safari ya kwenda kifudifudi.

Sasa vitu. Miezi ya hatari kubwa ni kati ya wa pili na wa nne, na sehemu kubwa ya vifo hivi hutokea kabla ya miezi sita. Mtoto wa umri huo akizamisha uso kwenye mto au blanketi laini, huanza kuvuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe, iliyopungua oksijeni. Wewe ungeshtuka ukageuka. Wapo watoto ambao mtambo huo wa kushtuka bado haujakomaa, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa kuwatazama. Kwa hiyo ule mto mdogo wa kutengeneza umbo la kichwa, uliodariziwa jina kwa uzi wa dhahabu, upokelewe kwa shukrani na ukae sebuleni wageni wauone. Kichwa kubonyea kidogo nyuma hurekebika mtoto anapokua, hasa akilazwa kwa tumbo mchana akiwa macho na mtu anamtazama. Hirizi, uzi mweusi na shanga za shingoni, sina ugomvi nazo, ila kamba yoyote shingoni mwa mtoto aliyelala inaweza kumnyonga. Itundikwe mlangoni. Kijicho nacho, kwa ninavyokifahamu, huingilia mlangoni.

Msidhani nawasema ninyi peke yenu. Maduka ya huku yamejaa mito ya kuzungushia kitanda, viota vya pamba na vitanda vya kuinama. Marekani ilibidi mwaka 2022 itunge sheria kupiga marufuku mito hiyo ya kuzungushia pamoja na vitanda vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10, kwa sababu kuwapo dukani kulikuwa kumegeuka kuwa cheti cha usalama. Upande wa pili wa duka hilo la dunia kuna Scotland, ambako tangu mwaka 2017 kila mtoto anayezaliwa anastahili sanduku la serikali lenye nguo na vifaa. Ndani lina godoro dogo, na vitu vikitolewa mtoto anaweza kulala humohumo. Wameiga Finland, iliyoanza kugawa masanduku kwa akina mama wasio na uwezo mwaka 1938 na kwa wote mwaka 1949. Boksi la karatasi ngumu! Sanduku halina uchawi, lakini lina sifa tatu ambazo vitanda vingi vya bei mbaya vimezikosa: liko bapa, godoro lake ni gumu, na halina kitu kingine ndani.

Mtauliza juu ya baridi, na kweli Januari ya huku si ya kusimuliwa. Ila baridi iko nje, mtoto yuko ndani penye hita, na kumfunika kupita kiasi kunaongeza hatari. Kinachoshauriwa ni chumba cha nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi. Badala ya blanketi, mtoto huvalishwa mfuko wa kulalia wenye matundu ya mikono, usioweza kupanda usoni, nao huuzwa kwa viwango vya kuhifadhi joto kulingana na hali ya chumba. Wenye blanketi jepesi huifikisha miguu ya mtoto kwenye ukingo wa chini wa kitanda na kulichomeka blanketi lisivuke mabega, ili asipate nafasi ya kuteleza akaingia chini yake. Ukitaka kujua kama anasikia baridi, gusa kifua au kisogo. Mikono ya kichanga huwa baridi hata akiwa sawa, na mikono hiyo ndiyo imesababisha sweta nyingi zisizo na hatia. Kofia ivuliwe akiingia ndani, maana kichwa ndicho dirisha lake la kutolea joto.

Nije kwenye hoja nzito kuliko zote: sisi sote tulilala na mama zetu, na tuko hai. Ni kweli, wote wanaosema hivyo wako hai. Wale ambao hawakuamka hawawezi kuingia kwenye kundi la WhatsApp kupinga. Hata hivyo hoja hii haistahili kudharauliwa. Mwanaanthropolojia James McKenna wa Marekani aliwapima akina mama na watoto wakiwa usingizini, akaona mama anayenyonyesha na mwanawe hushtuana na kuamshana mara kwa mara usiku, na mtoto hunyonya zaidi. Japani familia zimelala pamoja sakafuni vizazi na vizazi, na vifo hivi huko ni vichache. Lakini angalieni kinacholaliwa: matandiko membamba, sakafu, hakuna mahali pa kuanguka. Kitanda cha huku kiko juu, godoro linabonyea, juu yake kuna duveti zito na mito ya kutosha familia tatu, na pengine kandokando yuko baba aliyetoka baa. Ndiyo maana washauri wa Uingereza, kama shirika la Lullaby Trust na huduma ya afya ya taifa, siku hizi hawaishii kukataza. Wanasema mahali salama zaidi ni kitanda chake mwenyewe ndani ya chumba chenu kwa miezi sita ya mwanzo. Na mkilala naye, asiwepo mvutaji wa sigara wala aliyekunywa pombe au dawa za usingizi, na mtoto asiwe njiti au aliyezaliwa chini ya kilo 2.5. Hapo mwenye chumba kimoja cha kupanga ametimiza mwongozo bila kujijua, huku jirani mwenye chumba cha mtoto kilichochorwa mawingu ukutani akishauriwa akifunge nusu mwaka.

Wamaori wa New Zealand wamenifurahisha zaidi. Walikuwa wakipoteza watoto wengi kuliko wenzao na hawakutaka kuachana na desturi ya kulala nao. Kuanzia mwaka 2006, daktari David Tipene-Leach na wasukaji wakaleta wahakura, kikapu bapa cha ukindu wa kwao kinachowekwa kitandani kwa wazazi. Mtoto yuko mkononi mwa mama, lakini ana uwanja wake, na duveti halivuki mpaka. Wasukaji wetu wa mikeka Pemba na Lamu wangekitengeneza kwa siku mbili na kubakiza ukindu wa kawa.

Kumbukeni pia mtoto anakua, na kitanda kilichokuwa salama mwezi uliopita hugeuka. Anayefungwa nguo mwilini aachwe kufungwa anapoanza kujaribu kujigeuza, kwa sababu akipinduka bila mikono hana jeki. Akiweza kujigeuza pande zote mwenyewe, mlaze chali kisha muache achague. Huna haja ya kukesha ukimpindua mithili ya chapati. Akianza kukaa, kikapu kimekwisha muda wake, na sakafu ya kitanda chenye fito hushushwa chini kabisa kabla hajajifunza kusimama. Fito ziachane chini ya sentimita 6.5, yaani kopo la soda lisipite. Siku anapoinua mguu kuvuka ukingo, apewe kitanda cha chini, maana hata mzungumzaji hodari hawezi kumshawishi asiruke.

Nyumbani kwetu kanuni hii ina ubaguzi mmoja, nami nausema wazi ili nisije nikanukuliwa vibaya: chandarua. Penye malaria, kukitoa chandarua kwa sababu mtu wa Leicester kasema kitanda kiwe kitupu ni wazimu. Kiwepo, kikazwe, kichomekwe chini ya godoro pande zote, kisiachwe kikaning'inia usoni. Kinachobaki kitandani lazima kiwe kimethibitisha kazi yake, na chandarua kimethibitisha. Mto wenye jina la dhahabu bado.

Kuna jambo moja tu ambalo kitanda kitupu hakiwezi kulizuia. Mahali pabaya kuliko pote pa kulala na mtoto ni kochi. Huku husemwa hatari yake hufika hadi mara 50. Na anayesinzia kochini na mtoto kifuani kwa kawaida hakupanga. Ni mama aliyeamka saa tisa usiku mara ya nne, au baba aliyetoka zamu ya ghala, kwenye nyumba yenye watu wazima wawili na hakuna wa tatu. Wafanyabiashara wanatuuzia mashine za kusikiliza pumzi za mtoto, ingawa hazijaonyeshwa kuzuia vifo hivi. Tulichopungukiwa ni mikono ya kumpokea mtoto saa kumi na moja alfajiri ili mama alale. Kwa hiyo mnachotaka kuongeza, ongezeni upande wa mama. Mito na masweta msitume. Mchangieni bibi nauli na ada ya viza, na akiulizwa ubalozini anakuja kufanya nini, aseme anakuja kukaa macho.

Wenu mtiifu, nikisubiri hukumu,

Mshtakiwa