Hatua Saba za Kuuacha Mji Ujipange Wenyewe

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya afisa mpya wa mipango miji au mazingira aliyepangiwa Handeni au Korogwe, kwa diwani aliyeapishwa juzi, kwa mtendaji wa kata, na kwa mwenyekiti wa mtaa ambaye wino wa mhuri wake haujakauka. Wananchi nao wanaruhusiwa kusoma. Kazi yenyewe haimalizwi na mtu mmoja.

Wapo wanaodhani mji huharibika kwa uzembe. Si kweli. Mzembe hawezi kuharibu mji, hana subira. Mji huharibiwa na watu wachapakazi, kila mmoja akifanya kajambo kake kadogo kenye maelezo mazuri, akagonga mhuri, akarudi nyumbani akalala usingizi mnono. Ukitaka kuwa mmoja wao, fuata hatua hizi.

1. Anzia mwisho

Serikali ina kaulimbiu ya kupanga, kupima na kumilikisha. Wenyewe wanaiita KKK. Kasoro yake ni moja: inaanza na kupanga. Utaratibu uliozoeleka ni kujenga, kuhamia, kuoza binti, kuzika mzee, ndipo mpima aitwe.

Muda uko upande wako. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 79,056 katika Mji wa Handeni na 68,308 katika Mji wa Korogwe. Kufikia sensa ya 2022, Handeni ilikuwa imeshavuka laki moja. Watu hao hawakusubiri mchoro upitishwe. Walikuwa na watoto, na mvua ilikuwa inakuja.

Mtaa ukishajaa, leta urasimishaji wa makazi. Mpima atapita katikati ya nyumba akiitafuta barabara, na ataipata: upana wa mkokoteni, inakata kona kwenye choo cha mtu, inaishia kwenye banda la kuku. Gari la zimamoto halitaingia humo, wala la kunyonya maji taka. Jeneza litapita, wabebaji wakikubali kwenda kiubavu. Eneo la shule litapatikana kata ya jirani, nayo itakuwa inalitafuta kwenu.

2. Mwenyekiti awe mpima, mwembe uwe bikoni

Muuzaji na mnunuzi wanaingia ofisi ya mtaa na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la mtoto. Kinaandikwa kiwanja: kaskazini kinapakana na mzee fulani, mashariki na njia, kusini na mwembe, magharibi na korongo. Ukubwa ni hatua ishirini kwa thelathini. Hatua zinapigwa na muuzaji, na siku hiyo muuzaji hutembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Mashahidi wanasaini, mhuri unagongwa, na asilimia kumi ya ofisi inabaki mezani, ingawa imekemewa majukwaani mara nyingi.

Usiidharau karatasi hiyo. Baada ya miaka miwili mnunuzi anataka kufyatua tofali za kuchoma, tanuri linahitaji magogo, na gogo la karibu ni ule mwembe. Mpaka wa kusini umeungua. Masika yanapiga ardhi tupu, korongo linapanuka, linahama. Mpaka wa magharibi umehama nalo. Mwaka wa tatu majirani wanaonana baraza la kata, kila mmoja na karatasi yake halali yenye mhuri uleule.

Wataalamu hufanya semina za siku tatu kutafuta namna ya kuunganisha hifadhi ya mazingira na usimamizi wa ardhi. Mtaani vilishaunganishwa zamani, kwa shilingi za ofisi tu.

3. Andika mpango kabambe, kisha uuheshimu kwa kuufungia

Usikatae kupanga. Anayekataa atagombezwa. Panga, tena kwa ukubwa: mpango kabambe wa miaka ishirini, kurasa mia kadhaa, ramani ya rangi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe, basi washirikishe. Kodi ukumbi, gawa maji ya chupa, onyesha ramani ukutani kwa dakika kumi na tano, pokea maoni mawili na shukrani sita. Picha ya pamoja ni ya lazima.

Mpango uandikwe kwa Kiingereza, kwa faida ya wasomaji wa Manundu ya Korogwe na Chanika ya Handeni. Nakala moja ikae kwa mkurugenzi, nyingine kwenye kabati la idara, na ufunguo wa kabati ukae na mtu aliye likizo.

Zingatia rangi ya kijani. Kwenye ramani, kijani ni maeneo ya wazi, bustani, viwanja vya michezo na mabonde. Afisa mwenye uzoefu anajua kwamba kijani ndiyo rangi ya kwanza kuuzwa, kwa sababu panapokuwa na kijani hapana nyumba, na pasipo na nyumba hapana wa kulalamika. Hivyo ramani ikivuja kidogo humsaidia sana dalali.

4. Mto uishie kwenye mpaka wa halmashauri

Handeni ni nchi ya malambo na madumu. Kwa miongo mingi imekuwa ikitegemea bomba linalovuta maji ya Mto Pangani, mradi ambao wenyeji wanauita HTM, ulioanza miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Korogwe kwa upande wake imekaa kando ya mto huohuo. Kwa hiyo kinachomwagwa, kinacholimwa na kinachochimbwa ukingoni mwa Pangani ni habari ya Handeni pia.

Hapa pana hatari kubwa ya watu kufikiri pamoja. Izuie mapema. Bahati nzuri halmashauri ni nne: Mji wa Handeni, Wilaya ya Handeni, Mji wa Korogwe na Wilaya ya Korogwe. Maji ya mto ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi. Misitu ya hifadhi ni ya TFS. Barabara kuu ni za TANROADS, za ndani ni za TARURA. Mwananchi akija na malalamiko, mwelekeze ofisi inayofuata kwa upole, na nauli yake itamalizika kabla ya ofisi.

Kuhusu ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Tatizo limekwisha, maana hakuna shughuli inayokiri kuwa ya kudumu. Mchicha ni wa wiki tatu. Shimo la udongo wa tofali ni la msimu. Anayechota mchanga anachota tripu moja tu, ya mwisho, kila siku. Kibanda cha mlinzi wa pampu ni cha muda tangu mlinzi alipooa.

Oktoba 2019 mvua kubwa zilipiga Handeni na Korogwe, zikaua watu na kukata mawasiliano ya barabara. Maji hayakuuliza yameingia halmashauri ya nani. Huo ni utovu wa nidhamu ambao mipango yetu haiwezi kuuzuia.

5. Mkaa uwe mapato asubuhi, uharibifu jioni

Pita barabara ya Chalinze hadi Segera utaona magunia yamesimama kando ya lami, yamefungwa vichwa kwa majani na kamba. Usiku pikipiki hupita bila taa, zimebeba matatu manne, zikikwepa vizuizi. Dar es Salaam inapika, Tanga inapika, na Handeni inachomeka.

Halmashauri inayojua kazi huwa na mkaa katika vikao viwili. Kwenye kikao cha fedha unaitwa mazao ya misitu, na diwani anauliza kwa nini ushuru umeshuka. Kwenye kikao cha mazingira unaitwa janga, na diwani huyohuyo anauliza kwa nini misitu inakwisha. Hakikisha vikao hivyo havifanyiki siku moja.

Kuhusu agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, litekeleze jukwaani. Nunua mtungi wa gesi mmoja mkubwa, uweke mbele ya jiko la shule siku ya mgeni rasmi. Kuni ziwe nyuma ya jiko. Mgeni rasmi hana desturi ya kuzunguka nyuma.

6. Hesabu mashimo

Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka. Idadi hiyo inatisha mpaka utambue kwamba agizo linasema kupanda. Halijasema kuota.

Siku nzuri ya kupanda ni tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Masika yamekwisha, ardhi ya Handeni imeanza kupasuka, na vuli ni mpaka Oktoba. Mche unawekwa shimoni na kiongozi, unamwagiwa ndoo moja, unapigiwa makofi, unaandikwa kwenye taarifa ya robo mwaka. Mbuzi anaingia saa kumi jioni. Mwaka unaofuata shimo lilelile linatumika, na hapo ndipo unapoona faida ya uendelevu.

Usimpe mtu yeyote kazi ya kurudi kuangalia. Atakayerudi atataka posho ya kurudi, na taarifa atakayoleta haitakuwa na matumizi.

7. Acha fremu zisogee mpaka kwenye lami

Mkata, Kabuku, Segera na Michungwani hazikuzaliwa na mpango. Zilizaliwa na basi lililosimama. Basi likisimama, anatokea muuza machungwa, anafuata mama lishe, anafuata fundi pancha, kisha mtu mwenye hela anajenga fremu sita za maduka zikitazama barabara. Nyuma ya fremu hakuna mtaro, hakuna dampo na hakuna choo cha umma, ila abiria wanajua vichaka.

Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60. Kosa ambalo hupaswi kulifanya ni kusimika nguzo za mpaka siku jengo linapochimbiwa msingi. Subiri lipauliwe, lipakwe rangi, livutiwe umeme. Kisha njoo na kopo la rangi uandike X. Ikiwa nyekundu, mwenye nyumba ameifuata barabara na hana chake. Ikiwa ya kijani, barabara imemfuata yeye na atalipwa. Kati ya rangi hizo mbili kuna kesi ya kutosha kumlea wakili mpaka astaafu.

Mtu akikuuliza ulikuwa wapi msingi ulipochimbwa, mjibu kwa lugha ya kikao: suala hilo tumelipokea, liko kwenye mchakato, wataalamu wanalifanyia kazi, tutalitolea taarifa. Jibu hilo lina vitenzi vinne na hakuna hata kimoja kinachotembea.

Mambo ya kujihadhari nayo

Uzoefu unaonyesha kwamba hata halmashauri iliyozingatia hatua zote inaweza kuharibiwa na watu wachache. Zijue dalili.

Ya kwanza ni ramani kutoka kabatini. Ukiona ofisi ya mtaa imebandika ukutani karatasi kubwa ya Kiswahili inayoonyesha kisima, msikiti, kanisa, korongo, na mahali palipotengwa kwa shule, chukua hatua. Mnunuzi akishaweza kuweka kidole juu ya kiwanja anachouziwa na kusoma neno "bonde", biashara imekufa.

Ya pili ni kuongea na mwenye shamba kabla ya dalali. Kuna maeneo nchini ambako halmashauri humfuata mwenye shamba pembezoni mwa mji, wakapima pamoja, barabara zikachongwa, naye akabaki na sehemu ya viwanja vilivyopimwa, vyenye thamani kuliko shamba zima. Mkulima akigundua hesabu hiyo hatauza tena kwa hatua za miguu.

Ya tatu ni afisa anayekwenda kuhesabu miche Oktoba, mvua za vuli zinapoanza, akapanda upya iliyokufa na kuandika idadi ya iliyo hai. Taarifa yake itakuwa fupi mno na itawaaibisha wenzake.

Ya nne ni halmashauri zile nne kuketi meza moja na watu wa bonde, wakizungumzia ukingo wa Pangani kana kwamba ni ukingo mmoja.

Ya tano, na mbaya kuliko zote, ni mtu kuitaja Msomera. Mwaka 2022, ndani ya Wilaya hiihii ya Handeni, Serikali ilianza kupokea familia kutoka Ngorongoro. Nyumba zilijengwa na viwanja vya ekari mbili na nusu vikapimwa kabla wenyewe hawajashuka kwenye malori. Ubishi wa nani alihama kwa hiari na nani alikuta ardhi yake imegawiwa mwingine ni mzito, na haukufutwa na tofali. Lakini swali dogo la fundi linabaki: kumbe bikoni inaweza kutangulia ukuta? Vivyo hivyo kwa bomba la mafuta ghafi linalokwenda Chongoleani kupitia wilaya hizi. Wathamini walipita shamba kwa shamba wakihesabu mazao na majengo kabla mtaro haujachimbwa. Kuhesabu mapema, basi, hatukushindwa. Tulikuwa tunasubiri mgeni wa kumhesabia.

Wananchi wa Kideleko na Ngombezi wakilishika swali hilo, wakaanza kudai vigingi vya barabara kabla ya tofali la kwanza na mchoro kabla ya mhuri, mji utakua kimyakimya bila mgogoro hata mmoja. Hapatakuwa na kamati ya kuchunguza, wala semina ya kutathmini kazi ya kamati, na bila semina, ndugu zangu, posho itatoka wapi?